Barua ya wazi kwa wakuu wetu: ami alisema "panya" akaandikiwa sifuri

Kwa wakuu wa vyuo vikuu vya Pwani, kwa watu wa afya kaunti ya Mombasa, na kwa nyinyi mnaoshika mfuko wa pesa za utafiti huko Nairobi.

Salamu sana waheshimiwa. Mimi sina cheo chochote, nimemaliza digrii ya isimu na saikolojia, nakaa Majengo, nawaomba Mombasa ipate maabara ya kuchunguza ubongo na usemi, na hii barua naiandika kwa simu nikiwa kwenye foleni ya feri Likoni kwa hiyo mkiona herufi zimerukana nisameheni, foleni yenyewe mwaijua.

Ntaanza na ami manake bila yeye mimi nisingejua hata kama hii elimu ipo. Ami alikuwa mwadhini miaka mingi, sauti yake mtaa mzima waijua, hata yule asiyeamka alfajiri alikuwa akijua leo ni yeye au si yeye. Miaka mitatu iliyopita akapigwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala na maneno yakaenda. Lakini hayakwenda yote, na hapa ndio pana ajabu. Anaweza kukusomea Alhamdu mwanzo mpaka mwisho bila kukosea, ukimuanzishia moja mbili yeye anamalizia mpaka kumi, akijigonga kidole cha mguu kwenye kizingiti anatoa tusi safi kabisa (samahani), lakini kiu imemshika, glasi iko pale anaiona, na neno "maji" halitoki. Anafungua mdomo, "hii... le hii...", anapiga goti kwa mkono mzima, machozi yanamlenga. Nyumbani watu wakagawanyika, wengine wakasema ana jini, wengine wakasema ajifanya tu, manake vipi mtu asome Kurani yote hiyo halafu ashindwe kusema maji?

Hakuna jini hapo. Paris mwaka 1861 kulikuwa na mgonjwa anaitwa Leborgne, hospitali nzima ikimwita Tan kwa sababu kila ukimuuliza kitu yeye jibu lake "tan tan", na akikasirika sana anatoa kiapo kimoja, basi. Alipokufa daktari Paul Broca akaangalia ubongo wake akakuta umeharibika upande wa kushoto, mbele. Mwaka 1874 Carl Wernicke akaeleza aina ingine, mtu anaongea mbio mbio lakini maneno hayana maana na yeye mwenyewe haelewi anachoambiwa. Haya magonjwa yanaitwa afasia. Na yale maneno yaliyokaa sana kwenye ulimi, dua, nyimbo, hesabu, matusi, mara nyingi yanabaki hata kama maneno ya kupanga mwenyewe yamepotea, ndio maana kuna tiba ya kumfanya mgonjwa aanze kwa kuimba imba sentensi tangu miaka ya 1970. Mimi nilipoyasoma haya nililia wallahi, manake kwa miezi tulimuonea mzee.

Sasa sikilizeni kilichonifanya niandike. Tulihangaika tukapata mtaalamu wa tiba ya usemi, na hawa nchi hii ni wachache mno, dada mpole sana, hospitali siitaji manake kosa si lao. Akatoa kipimo cha picha, mgonjwa anaonyeshwa picha ataje jina. Kilitengenezwa Boston. Picha ya kitanda, ami akahangaika akaipata. Mti, akaupata. Halafu tukaendelea, ikaja picha ya mnyama ana meno mawili mbele na mkia mpana kama mwiko, wale wa Kanada na Marekani wanaojenga mabwawa kwa miti, kwa Kizungu wanaitwa beaver. Ami akaiangalia. Nilihesabu, karibu dakika nzima. Jasho likamtoka. Halafu akasema, "pa... pa... panya!" na akatabasamu, tabasamu la kwanza mimi kuliona tangu augue. Yule dada akaandika sifuri.

Na ikafuata nyumba ya barafu, ya watu wa kule kwenye theluji. Sisi barafu twaijua ile ya kwenye karatasi, unauma pembe unanyonya. Sifuri ingine.

Dada akaniambia kwa sauti ya chini, "kipimo ndio hichi nilicho nacho." Na hilo waheshimiwa ndilo jambo langu lote. Sio kwamba hatuna wagonjwa au hatuna vijana wenye akili, hatuna mahali pa kutengenezea kipimo chetu, na hatuna kijana hata mmoja anayelipwa kukitengeneza. Naomba Mombasa iwe na maabara ya ubongo na usemi, na zaidi ya maabara naomba nafasi za watu ndani yake.

Najua mtu akisikia maabara ya ubongo anafikiria lile tanuri kubwa la MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, lenye sumaku ya kupoozwa kwa heliamu, bei yake ukiitaja kwenye kikao watu wanaomba chai. Hatulitaki. Kwa kuanza latosha EEG, kofia yenye vidude vya kunasa umeme mdogo mdogo wa ubongo juu ya ngozi ya kichwa, kitu Hans Berger alianza kurekodi kwa binadamu Ujerumani mwaka 1924, karne nzima imepita, sikuizi ziko ndogo za kuchomeka kwa laptopu. Maiki nzuri. Chumba kisicho na kelele. Programu ya kuchambua sauti inaitwa Praat, Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam waliitengeneza na ni ya bure, na ile ya kuendeshea majaribio inaitwa PsychoPy nayo ni bure. Yani nusu ya maabara iko kwenye intaneti yangojea bando tu.

Na kazi yenyewe mtasema ni nini? Ntawapa mfano wa nyumbani. Mtu amevaa ile kofia anasoma kwenye skrini neno moja moja, "asubuhi nilikula mahamri kwa mbaazi". Ubongo uko shwari. Mara ingine badilisha mwisho, "asubuhi nilikula mahamri kwa saruji". Milisekunde kama 400 baada ya lile neno, hata mtu hajacheka, wimbi la umeme linalonaswa na kofia linashuka, ubongo umeshtuka. Marta Kutas na Steven Hillyard waliliona hilo Marekani mwaka 1980 kwa sentensi za Kiingereza. Kuna wimbi jingine linalokuja nyuma kidogo, kwenye 600 hivi, lenyewe linajitokeza sana sarufi ikivunjwa. Haya, Kiingereza sarufi yake haina ngeli, sisi tunazo mpaka za kugawa. Mtoto wa Kibokoni, hapa Mji wa Kale, ukimwambia "viatu yangu" anakunja uso kama amelamba ndimu, mtoto aliyekulia Nairobi anaona sawa tu wala hajui kuna kosa. Je kwenye ubongo wake nako ni sawa? Linachelewa lile wimbi, au halipo kabisa? Na yule wa Kibokoni akihamia Nairobi miaka mitano? Hilo ni swali la uzamivu mzima na watu wa kupimwa wanapita Mwembe Tayari kila siku wakipanda magari.

Tena hapo hapo Mwembe Tayari. Daktari mmoja Mfaransa, Étienne Lombard, aliona mwaka 1911 kwamba ukimwekea mtu kelele masikioni sauti yake inapanda yenyewe bila yeye kujua, ukiitoa inashuka. Makanga wetu ndio maisha yao hayo, honi, muziki, injini, na yeye anaita "Bamburi Mtwapa Bamburi Mtwapa" kutoka asubuhi mpaka isha. Ubongo unaongea huku unajisikiliza. Mwajua ile ukipiga simu ya WhatsApp halafu sauti yako inakurudia imechelewa, unaanza kuburuta maneno kama mlevi? Ndio hiyo hiyo, ichelewe kama milisekunde 200 tu na mtu mzima anapata kigugumizi. Kuna profesa Boston University, Frank Guenther, alijenga modeli ya kompyuta inaitwa DIVA kueleza vile ubongo unavyoongoza ulimi na midomo kwa kulinganisha sauti iliyotakiwa na iliyosikika, na watu wanaitumia kufikiria kigugumizi. Kigugumizi kwa watu wazima ni kama mtu mmoja kwa kila mia, hesabuni wenyewe Mombasa hii ni wangapi, na wangapi walichekwa chuoni mpaka wakaacha kusoma kwa sauti.

Mnielewe, sisemi hivi kwa kutaka kujipendekeza na majina ya Wazungu. Nasema kwa sababu mambo yao hayawezi kuchukuliwa yakabandikwa kwetu hivi hivi. Mwaka 2021 timu ya Edward Chang kule San Francisco ilimuwekea kifaa kwenye ubongo mtu aliyepoteza usemi zaidi ya miaka 15, kompyuta ikasoma maneno aliyotaka kusema ikayaandika kwenye skrini, msamiati wa maneno 50, kasi ya maneno kama 15 kwa dakika. Jambo kubwa sana, nilikaa na hiyo habari usiku mzima. Lakini maneno 50 ya Kiingereza ni kitu kimoja, Kiswahili neno ni nini? "Hatukuwaambia" ni neno moja na ndani yake mna kukana, mna sisi, mna jana, mna wao, halafu ndio kuambia. Ukimpa ami maneno 50 ya namna hiyo hata hajaweza kuomba chai. Itabidi mtu akae afikirie upya, je kifaa kijifunze viambishi, au silabi, na huyo mtu lazima awe anaota kwa Kiswahili, si mgeni wa miezi mitatu na kamusi.

Na hiyo ni Kiswahili cha vitabu, sijagusa Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa. Bibi yangu akisema kaa la moto na kaa wa baharini anayatofautisha kwa pumzi, ile k ya kaa wa baharini inatoka na hewa, na paa la nyumba na paa wa msituni vile vile. Mimi nikisema anacheka mpaka anashika mbavu, ati mjukuu wake anauza makaa ya baharini. Masikio yake yanasikia mlango ambao yangu hayauoni. Wazee kama hao wakiondoka, swali limeondoka nao, hakuna kofia itakayolirudisha.

Sasa nafasi. Nimeangalia sana maabara za wenzetu zinavyoendeshwa na kinachonitia wivu si mashine, ni ngazi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaingia saa chache kwa wiki, anaanza kwa kusafisha rekodi na kupaka jeli inayosaidia kofia kunasa umeme kichwani. Aliyemaliza digrii anaajiriwa mwaka mmoja miwili kuwa msimamizi wa maabara, analipwa mshahara, anajifunza kuandika maombi ya kibali, ndio anaenda uzamili au uzamivu akiwa anajua anachokitafuta. Juu yake kuna wenye uzamivu wanaofanya utafiti, juu profesa. Kila mtu ana wa kumuuliza na ana wa kumfundisha. Sisi ngazi yetu ina kidato cha chini na paa, katikati hewa. Mwenzangu tuliyemaliza naye, kichwa chake kwenye takwimu sijaona mfano, sahi anaandika risiti kwenye ofisi ya klearingi bandarini. Sio kazi mbaya. Lakini mimi najua alichoweza.

Na msidhani yataka madaktari peke yao. Yataka mtu wa isimu, wa kompyuta, wa ufundi wa umeme, muuguzi, mwalimu wa watoto viziwi, hata mtu wa taarab anayejua sauti inavyopandishwa na kushushwa. Vyuo vyetu watu hao wako tayari, ila kila mmoja na jengo lake na hawajawahi kukutana hata kwa kahawa.

Mambo madogo ambayo bila sisi wenyewe yataharibika ndio haya. Ile kofia yataka igusane na ngozi ya kichwa, na nywele zetu na misuko yetu haikubali, kofia zilitengenezwa kwa nywele nyingine, mpaka mwanafunzi mmoja wa Carnegie Mellon akabuni vibanio vya kupita katikati ya mistari ya kusuka. Halafu mwanamke wa Mombasa hawezi kuvua mtandio mbele ya kijana wa kiume eti kwa sababu ya sayansi. Basi chumba kiwe na pazia, awepo msichana wa kumpima, na pawe na maji ya kuosha ile jeli kabla hajarudi kwa mumewe na kichwa chanata. Mama mmoja aliwahi kuniuliza kama hii kofia haimnyonyi mtoto akili. Nilimwambia mamangu, hii yasikiliza tu, ni kama sikio kuweka mlangoni, haitii umeme wala haitoi kitu. Akafikiri, akasema sawa lakini nitakaa hapa nione. Akakaa. Hiyo ndio ridhaa, wala si saini kwenye fomu ya Kizungu kurasa sita.

Huyo mama nilimpata wapi? Hapa kuna donge langu na ntalitema kidogo tu. Niliwahi kufanya kazi miezi saba kwenye mradi wa watu wa nje, siwataji, tukirekodi watoto madrasa na mashuleni, laptopu mgongoni, jua la saa saba, malipo nauli na chakula cha mchana. Sisi ndio tuliotafsiri, sisi ndio tuliogundua nusu ya maswali hayaeleweki na tukayarekebisha. Data ikaondoka kwenye diski. Makala ilipotoka tukashukuriwa kama "wasaidizi wa huko", bila jina. Sikuomba kuwa profesa. Niliomba kubaki na nakala ya rekodi za watoto wa mtaa wangu.

Msiniambie haiwezekani Pwani. Kilifi hapo, kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome kiko tangu 1989, na kazi yake ndiyo iliyoonyesha kwamba watoto waliopona malaria ya ubongo wengine wanabaki na shida ya lugha na usemi, watu wangeona mtoto amepona wakamrudisha nyumbani basi. Huko huko ndiko kulikotengenezwa kipimo cha ukuaji wa watoto kinaitwa Kilifi Developmental Inventory, kwa vitu mtoto wa hapa anavijua. Kwa hiyo njia ishalimwa, yataka mtu wa kuiendeleza upande wa watu wazima, wa kiharusi, wa kigugumizi. Na kuna mashirika kama IBRO, lipo tangu 1961, na TReND in Africa, wanaendesha kozi fupi za sayansi ya ubongo kwa vijana wa Afrika, kijana wetu anaweza kwenda wiki mbili tatu akarudi amewaka kama taa ya Ramadhani. Anarudi wapi lakini? Hana chumba, hana kofia, baada ya mwezi amezimika.

Pesa, najua. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 ilipitishwa na Bunge letu wenyewe, imeandika mfuko wa taifa wa utafiti upate asilimia 2 ya pato la nchi kila mwaka. Hatujafika huko wala hatukaribii, na mimi siombi asilimia 2, naomba hata vumbi lake. Wakuu wa vyuo, toeni chumba kimoja, na msiweke nafasi za kujitolea bila malipo manake mtoto wa tajiri ndiye atakayejitolea na wa Kisauni atabaki Kisauni, hata elfu chache za nauli na chakula kwa wanafunzi wanne watano zitabadilisha sura ya wanaoingia. Nafasi mbili za mshahara kwa waliomaliza, miaka miwili miwili, zitangazwe wazi kwa Kiswahili pia, zisipite chini ya meza. Watu wa kaunti, mgonjwa wa kiharusi akiruhusiwa kutoka hospitali aulizwe kama angependa kushiriki, na anayeshiriki apate tiba ya usemi kama malipo, manake yeye ndiye mwenye shida. Na nyinyi wa Nairobi, mgeni akija na kibali cha kupima ubongo na lugha za watu wa huku, sharti liwe data ibaki nakala hapa na jina la kijana aliyefanya kazi liandikwe kwenye makala.

Feri imefika, nimeivuka, sahi namalizia nikiwa upande wa pili kwenye kivuli cha muuza madafu.

Wakati nawangoja nimeanza mwenyewe. Nimechora picha za ami, nilianza na za kawaida nikaenda za ugumu, jahazi, kifumbu, mwiko, kibao cha mbuzi, kinu, ngalawa, nanga. Kila Jumamosi baada ya alasiri tunakaa kibarazani. Juzi nilimuonyesha ya mbuzi, akaitazama, akasema "mbuzi" moja kwa moja bila kusita, halafu akanifanyia kwa mkono vile nazi inavyokunwa ili nijue hasemi yule wa kwenye zizi. Picha zimefika 64. Ila kipimo hakiwi kipimo kwa mtu mmoja, nahitaji wazee 30 wazima wa kulinganishia, mtu wa takwimu (ninaye, yuko bandarini), na profesa mmoja wa kunikagua kazi aniambie wapi nimekosea.

Nangojea jibu lenu.

Ni mimi, mtoto wa Majengo
Mombasa